Siku moja maishani mwangu: kuandika tangazo la taa ya sola

Saa 2 asubuhi. Siandiki kitu bado. Nafungua meseji za wateja: walioulizia wasinunue, waliorudisha, walioshukuru. Nasoma kama 50, na maneno yao nayanakili yalivyo, makosa na yote. "Ile ya kwanza ilizima mtoto yuko katikati ya hesabu." Ukiisafisha sentensi kama hiyo inageuka lugha ya muuzaji, na msomaji anaishtukia.

Kisha nahesabu kinachojirudia. Ukali wa mwanga umetajwa mara chache. Hofu ya taa kuzima mapema imejaa tele. Tangazo litaanzia hapo, hata kama mwenye bidhaa anatamani tuanze na umbo jipya la taa yake.

Saa 4. Nachukua karatasi ya kiwandani, na kila sifa naiuliza: kwa hiyo? Betri ya mAh 4,000. Kwa hiyo? Inakaa na chaji. Kwa hiyo? Inawaka saa 6. Kwa hiyo? Ukiiwasha saa 1 jioni, inafika saa 7 usiku. Hapo nakomea. Wengi huuliza mara moja zaidi wakaishia kwenye "furaha ya familia yako", maneno ambayo hata muuza sufuria angeyatumia.

Halafu nampigia fundi, maana "saa 6" peke yake ni mtego. Ni kwenye mwanga upi? Anajibu: wa kati. Ukiweka mkali ni saa 3 tu. Zote mbili zinaingia kwenye tangazo. Usipoitaja hiyo ya 3, mnunuzi ataigundua mwenyewe saa 4 usiku, na asubuhi taa inarudi dukani.

Saa 6. Vichwa vya habari, 20 kwa uchache. Kumi vya mwanzo huwa vile ambavyo yeyote angeviandika: "Taa bora kwa bei nafuu". Nabadilisha "taa" naweka "feni". Kichwa kikiendelea kuleta maana, nakifuta. Cha kumi na saba ndicho kinachobaki: "Taa inayomsubiri mtoto amalize hesabu".

Saa 8 mchana, baada ya kula, naandika mwili wa tangazo, maneno 120 hivi. Hali ya mteja kwanza, kisha zile saa 6 na 3, kisha swali lililowazuia wengi: je, siku ya mawingu? Jibu (inachajika pia kwa waya wa simu) linakaa kabla ya bei, kwa sababu mwenye wasiwasi akifika kwenye bei anaishia hapo. Mwisho, jambo moja tu la kufanya: "Tuma neno TAA." Ukimwambia apige, atembelee duka na afuate ukurasa, ataahirisha yote. "Zimebaki chache" siandiki kama stoo imejaa. Huo ni uongo, na mteja akirudi wiki ijayo akazikuta, hata zile saa 6 hataziamini.

Saa 10 jioni nasoma kwa sauti. Pumzi inapokatika, nakata sentensi. Nazungushia duara kila "tu-" na "-etu": "tunajivunia kukuletea bidhaa yetu yenye ubora wa hali ya juu" inaondoka yote, kwa kuwa mteja hayumo ndani yake.

Saa 11. Matoleo mawili yanatoka, tofauti ni kichwa pekee. Picha, bei na muda ni vilevile. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeuza. Nahesabu wanaotuma TAA na wangapi kati yao wanalipa. "Likes" nazipita. Toleo moja likilishinda jingine tatu kwa moja usiku wa kwanza, bado si jibu; naacha siku kadhaa, na meseji za watakaouliza bila kununua zinaingia kwenye daftari la asubuhi.