Kubadilisha hausingi ya temostati nyumbani: kufungua bolti ndo sehemu rahisi

Wadau, kama gari yako inapunguza maji ya rejeta kidogokidogo na chini huoni hata tone, chukua tochi ukachungulie pale paipu kubwa ya maji inapoingia kwenye injini. Hapo ndo temostati inapokaa, ile valvu inayofungulia maji yazunguke injini ikishapata moto, na kile kikofia kinachoifunika, yaani hausingi, kwenye gari nyingi za siku hizi ni cha plastiki. Plastiki inapata moto inapoa, inapata moto inapoa, miaka nenda rudi, mwisho inakakamaa na kupasuka. Injini ikiwa baridi ufa umejifumba, presha ikipanda ndo kulanti, yaani yale maji ya kupozea injini, inapenya, inadondokea kwenye chuma cha moto inakauka hapohapo. Kinachobaki ni ukoko tu, na harufu fulani tamutamu ukishazima gari.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Ukoko wa pinki umezunguka maungio yote, ukiugusa kwa kucha unapukutika, na ufa wenyewe mwembamba kweli, bila kumulika kwa pembeni hauuoni. Nikasema hii nafanya mwenyewe, maana kazi nzima kwa macho ni bolti chache na klipu za hosi.

Kabla ya yote injini iwe imepoa kabisa, na sio ile ya kupoapoa. Mfumo wa maji unafanya kazi kwa presha, na presha ndo inayofanya maji yafike hata nyuzi 110 bila kuchemka, sasa we ukifungua mfuniko wa rejeta presha ikatoka, maji yote yanachemka kwa mpigo mmoja na uso wako uko hapo juu. Subiri. Alafu huna haja ya kumwaga kulanti yote, ishushe tu ipite chini ya usawa wa hausingi, kinga kwenye beseni safi, na beseni lisikae hovyo maana kulanti ya glaikoli ni sumu na utamu wake unavutia watoto na wanyama.

Hosi itakuwa imeng'ang'ania. Usiichokonoe na bisibisi, utaitoboa bure. Ishike na pulaizi taratibu uizungushe mpaka iachie, ikishaanza kuzunguka inatoka yenyewe. Bolti nazo, kwenye gari nyingi ni spana namba 10, na zimeingia kwenye aluminiamu, kwa hiyo ikigoma usiilazimishe. Puliza mafuta ya kulegeza kutu, kaa kidogo, fungua robo rudisha, fungua robo rudisha. Ikikatika ndani, hapo umejitafutia kazi nyingine kabisa.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu: wanatoa ya zamani, wanafuta na tambara, wanafunga mpya, kesho inavuja wanasema spea ni feki. Angalia ile sehemu ya kukalia. Utakuta unga mweupe wa aluminiamu iliyoliwa, na mabaki ya gasketi, kile kizibio cha kati ya hausingi na injini, yameganda kama ugoro. Ziba tundu na kitambaa uchafu usiingie ndani, alafu kwangua na kitu cha plastiki au mti, kisu cha chuma kinachimba mistari na mstari mmoja tu unatosha kupitisha maji. Kwangua, futa, pitisha kucha kuzunguka duara lote, ikikwama mahali rudia. Mi hapo nilikaa muda mrefu kuliko kazi nyingine yote na sijutii.

Temostati badilisha hapohapo, maana ushafungua (na kwenye gari nyingine inakuja imeshikana na hausingi, huna hata cha kuchagua). Upande wenye springi unatazama injini, na kama ina kale kapini kanakochezacheza kakae juu, ndo njia ya hewa kutoka. Na wale wa "we itoe kabisa gari ipoe" tuachane nao jamani. Injini inayokimbia baridi inakula mafuta na inajisaga, ile namba 82 au 88 iliyochongwa pale haikuwekwa kama pambo, ndo nyuzi ambazo temostati inaanza kufunguka.

Kama hausingi ina o-ringi, kale kaduara ka mpira ka kuzibia, usiongeze silikoni, o-ringi inatosha, silikoni iliyozidi inakatika inaenda kuzurura kwenye rejeta. Kaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo. Bolti ndogo hizi nyingi zinataka kama nyutoni mita 10 hivi, ni nguvu ya kiganja sio ya bega, ila angalia kitabu cha gari yako.

Kurudisha maji ndo mtihani wa pili. Jaza polepole, kulanti na maji yaliyochujwa madini nusu kwa nusu, na usichague kwa rangi, kampuni hazijakubaliana rangi, soma aina. Washa hita mpaka mwisho wa joto, acha injini ingurume taratibu huku unaminya hosi ya juu, mapovu utayaona yanapanda. Geji ikipanda na hita bado inatoa baridi, kuna hewa imejificha, zima, acha ipoe, endelea. Kwenye gari nyingi hosi ya juu inakaa vuguvugu alafu ghafla inakuwa ya moto, hapo temostati imefunguka na maji yanazunguka.

Kesho yake asubuhi angalia kopo la kulanti. Ikishuka kidogo ni hewa iliyotoka, ongeza mpaka kwenye mstari. Ikiendelea kushuka kila siku na maungio yako ni makavu, basi tatizo lilikuwa na mwenzake, anza na pampu ya maji na hosi za hita kabla hujaigusa gasketi ya hedi, ile ya kati ya hedi na bloku ya injini.