Picha za Kibosho, Kahawa ya Bukoba

Karibu kila maelekezo ya kusafisha filamu yanaanza na maji ya nyuzi 20. Moshi mjini mwezi wa pili, maji ya simtanki linalopigwa na jua kutwa hayajui nyuzi 20 ni kitu gani. Mwanafunzi akifuata dakika zilizoandikwa bila kupima joto, filamu inaiva kupita kiasi: anga na kahawa iliyoanikwa vinakuwa vizito mno kwenye negativi, na kwenye karatasi vinatoka vyeupe tupu, hata punje haionekani. Kabla ya kuhangaikia lenzi ya pili, nunua kipimajoto.

(Kusafisha hapa ni kwa maana ya mafundi wa studio: kuitoa picha iliyojificha kwenye filamu. Kuosha kwa maji ni hatua nyingine.)

Tuseme kazi ni hadithi ya picha kuhusu mavuno ya kahawa huko Kibosho, na mkononi kuna filamu moja nyeusi-na-nyeupe ya picha 36, kama HP5, ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga). Ugumu unaanzia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mbali na chumba cha giza. Chini ya migomba kuna kivuli kizito, na katikati ya kivuli hicho jua linapenya kwa mabaka makali. Kipimamwanga cha kamera kinaona mabaka, kinafunga tundu la lenzi, na uso wa mtu anayechuma unabaki doa jeusi. Hakuna dawa itakayourudisha. Mwanga ambao haukufika kwenye filamu haupo. Weka kipimamwanga kwenye ISO 200 badala ya 400. Nyosha kiganja chako kwenye kivuli kilekile alichosimama mtu wako, kipime, kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Viganja vya watu havitofautiani sana kwa weupe, ndiyo maana kipimo hiki kinaaminika kuliko kupima shati au majani. Mwanga uliozidi kwenye mabaka ya jua utaupunguza baadaye, kwa kufupisha muda wa kusafisha kwa karibu asilimia 20.

Sasa dawa. D-76, dawa ya dukani ya kusafishia, ikichanganywa na maji sawa kwa sawa husafisha HP5 iliyopigwa kwa ISO 400 kwa dakika 11 hadi 13 kwenye nyuzi 20. Kila nyuzi moja inayoongezeka inakula karibu asilimia 10 ya muda, hivyo kwenye nyuzi 24 ni kama dakika 7 hadi 9. D-76 isiyochanganywa na maji huchukua dakika 7 na nusu kwenye nyuzi 20. Kwa joto la Moshi itashuka chini ya dakika 5, na chini ya hapo filamu hutoka na mawimbi kwa sababu dawa haikupata nafasi ya kufanya kazi sawasawa kila mahali. Kwa hiyo changanya na maji. Na maji yenyewe yatoe kwenye mtungi wa udongo uliokaa kivulini usiku kucha. Mtungi hutoa jasho, jasho likikauka hupoza, na hilo linakupunguzia nyuzi kadhaa bila barafu. Barafu ina kazi yake, lakini iwe ndani ya mfuko, nje ya kopo la dawa, la sivyo ikiyeyuka inabadilisha kipimo.

Dawa ya dukani isipopatikana, kahawa inaweza. Mwaka 1995, darasa la kemia ya picha la Scott Williams katika Rochester Institute of Technology, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa ikiwekwa kwenye maji yenye magadi husafisha filamu. Vitamini C iliongezwa baadaye kuipa nguvu. Na hapa wenyeji wa Kilimanjaro tumeze fahari kidogo: arabika yetu si chaguo la kwanza. Robusta ina asidi nyingi zaidi za aina inayofanya kazi hii, na kahawa ya unga inayoyeyuka, kama ile ya Tanica ya Bukoba, inafaa kuliko kahawa nzuri ya kuchemsha. Kahawa isiyo na kafeini nayo inasafisha, maana kafeini haihusiki.

Kwa tangi dogo la kusafishia filamu, la mililita 300: sodiamu kaboneti kavu gramu 16, vitamini C gramu 5, kahawa gramu 12. Kwa filamu ya ISO 400 ongeza chumvi ya mezani yenye madini joto, gramu 3, ili kupunguza ukungu unaofunika filamu zenye kasi. Mizani iwe ya kusoma gramu moja moja angalau; vijiko vya chai vinadanganya.

Hiyo sodiamu kaboneti ndipo wengi wanapojikwaa. Ukisema "magadi" sokoni unaweza kupewa vitu vitatu tofauti. Kuna magadi ya mawe, ya kupikia maharage, ambayo ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, pamoja na udongo. Kuna baking soda, ambayo ni bikaboneti peke yake na haina ukali wa kutosha. Kuna kostiki ya kutengenezea sabuni, ambayo inachoma ngozi na kulainisha utando wa filamu hadi ukabanduka. Hiyo usiiguse kwa kazi hii. Njia ya uhakika ni kuchukua baking soda, kuitandaza kwenye trei ya bati na kuioka kwa nyuzi 200 kwa saa nzima. Inapoteza maji na hewa ya ukaa, inabaki kaboneti, na uzito unashuka: gramu 100 hubaki kama 63. Ukipima tena baada ya nusu saa nyingine na uzito haujashuka, imekamilika. Hifadhi kwenye chupa iliyofungwa sana, kwa kuwa inavuta unyevu.

Vitamini C iwe ya unga mtupu. Vidonge vya kuyeyusha kwenye glasi vina asidi ya limao na sukari. Asidi hiyo inaua ukali wa magadi na filamu inatoka hafifu. Yeyusha sodiamu kaboneti kwanza hadi maji yawe safi, kisha vitamini C (itachemka povu, ngoja itulie), kisha chumvi, mwisho kahawa. Acha dakika tano mapovu yapande juu, maana povu likikaa kwenye filamu linaacha duara. Tumia ndani ya nusu saa. Harufu ni mbaya kweli, kama majani ya kahawa yaliyovundikwa wiki nzima, kwa hiyo waonye wa nyumbani.

Kwa filamu iliyopigwa kwa ISO 200 na dawa ya nyuzi 24, anza na dakika 9. Geuza tangi mfululizo kwa nusu dakika ya mwanzo, kisha mara tatu kila dakika. Nasema "anza" kwa makusudi, kwa sababu kahawa ya kopo hili na lile hazifanani. Piga picha sita za kitu kimoja, kata kipande hicho gizani, ukisafishe peke yake. Na mimi nisingeweka filamu ya mavuno ndani ya kahawa kabla ya jaribio la pili kufaulu. Mtu aliyechuma leo hatachuma tena kwa ajili yako.

Kuingiza filamu kwenye rili, kile kigurudumu kinachoishika ndani ya tangi, kunataka giza tupu. Bafu linafaa, ila nyumba zetu zina upenyo kati ya ukuta na bati, na mchana mwanga unaingia hapo hata ukiziba dirisha kwa nailoni nyeusi. Fanya kuanzia saa mbili usiku, keti dakika kumi macho yazoee, na popote utakapoona mstari wa mwanga, ziba. Kopo la filamu hufunguliwa kwa kifungulio cha soda. Kata ncha za pembe za filamu kwa mkasi kabla ya kuisukuma, na rili iwe kavu kabisa. Tone moja la maji au jasho la kiganja linaikwamisha katikati, na ukilazimisha inakunjika na kuacha alama kama mwezi mchanga. Fanya mazoezi mchana na filamu iliyoharibika, macho umefumba.

Baada ya kusafisha, suuza kwa maji mara mbili, kisha dawa ya kukaza, inayoifanya filamu isiharibiwe tena na mwanga. Hii haina mbadala wa jikoni unaofaa, nunua. Ya haraka huchanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 4, yaani mililita 60 kwa 240. Dondosha kipande cha mwanzo wa filamu ndani yake kwenye mwanga, hesabu sekunde hadi kiwe angavu, kisha kaza filamu yako kwa muda huo mara mbili. Siku muda wa kung'aa utakapofika mara mbili ya ulivyokuwa dawa ikiwa mpya, imechoka. Usiimwage kwenye mfereji wala kwenye migomba. Ina fedha ndani yake. Kusanya kwenye dumu, tumbukiza stilwaya ya kusugulia sufuria, na chuma kitabadilishana na fedha ambayo itashuka chini kama tope.

Kuosha hakuhitaji bomba linalotiririka, jambo la maana siku za mgao. Jaza tangi, geuza mara 5, mwaga. Jaza, geuza 10, mwaga. Jaza, geuza 20, mwaga. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyotoneshwa pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana madini mengi, floraidi ikiwemo, na Arusha filamu iliyosuuzwa bombani hukauka na madoa meupe yasiyofutika. Maji ya betri ya dukani yanafaa, lakini soma chupa: kuna inayouzwa jirani yake ambayo ni asidi. Tundika filamu bafuni, baada ya kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie.

Ikitoka vibaya, tazama namba za pembeni mwa filamu kabla ya kulaumu kamera. Kiwanda ndicho kilichozipiga mwanga, hivyo zinapima dawa peke yake. Namba nyeusi na picha hafifu: mwanga wa kamera ulikuwa mdogo. Namba zenyewe hafifu: dawa dhaifu, baridi, au muda mfupi. Namba zipo vizuri lakini hakuna picha hata moja: filamu haikusogea ndani ya kamera. Hakuna namba kabisa: dawa imekufa, au ulitanguliza ya kukaza. Ikiwa na ukungu kama maziwa, irudishe kwenye dawa ya kukaza, inapona.

Hadithi yenyewe inaanza kwenye shiti ya kontakti, karatasi moja yenye picha zote kwa ukubwa uleule wa filamu. Kata filamu vipande sita vya picha sita, vipange juu ya karatasi ya inchi 8 kwa 10, gandamiza kwa kioo. Piga mwanga kwa hatua za sekunde 3 na utafute hatua ya kwanza ambayo ukingo mtupu wa filamu unakuwa mweusi sawa na karatasi isiyofunikwa. Muda huo ndio wa shiti nzima. Picha zilizopigwa vyema zitaonekana vyema. Zilizokosa mwanga zitabaki giza, na utajua ukweli kabla ya kupoteza karatasi.

Taa nyekundu ijaribiwe. Weka sarafu juu ya karatasi iliyopigwa mwanga kidogo sana, kiasi cha kuanza kuwa kijivu, acha dakika 7 chini ya taa, safisha. Ukiona duara, taa hiyo si salama. Balbu nyingi nyekundu za mapambo hushindwa. Simu nayo ifichwe kwenye droo. Iache ihesabu sekunde kwa sauti.

Kuchagua picha, kata shiti ya pili vipande na uvisogeze mezani. Hadithi ya kahawa ina mtego wake, kikombe kinachofuka mvuke, na karibu kila mtu anamalizia hapo. Mkulima wa Kibosho mara nyingi haoni kikombe hicho. Anaona kuchuma, kumenya, kuvundika, kuosha, kuanika, kisha gunia linaondoka. Picha ya gunia likibebwa kuelekea chama cha ushirika, ama jengo la KNCU pale Moshi, chama kikuu kilichoanza mwaka 1933, inafunga kwa ukweli zaidi. Mikono inayomenya ipate picha mbili mfululizo, ya mbali na ya karibu, na nyingine zipite haraka. Picha nane zinatosha.

Kwenye kuchapa kwa mashine ya kukuzia, muda huamua weupe na filta (namba ikipanda, weusi na weupe huachana zaidi) huamua weusi. Anza na tundu f/8 na filta 2, hatua za sekunde 4. Tafuta muda ambao kahawa iliyoanikwa bado ina punje. Kama weusi ni wa majivu, panda filta, kama umemeza kila kitu, shuka. Kwa karatasi ya plastiki, acha kwenye dawa dakika nzima. Anayeitoa baada ya sekunde 20 kwa sababu "inakuwa nyeusi" anapata picha ya matope. Kosa liko kwenye muda wa mwanga, apunguze huko.

Mtu amesimama kivulini mbele ya kichanja cheupe: kama muda wa msingi ni sekunde 12, zuia mwanga usoni kwa sekunde 2 kwa kipande cha karatasi ngumu kwenye waya, ukikitikisa daima, kisha ongeza sekunde 6 juu ya kahawa peke yake. Zuia ili macho yaonekane, basi. Ukizidisha, unamng'arisha mtu hadi majirani zake wasimtambue, na kuzunguka kichwa kunabaki mwangaza kama wa picha za watakatifu.

Picha zote nane ziwe na weusi mmoja. Chapa kwanza ile yenye kivuli kizito zaidi, iache kwenye trei ya maji, na kila inayofuata uilinganishe nayo ikiwa imelowa, kwa sababu karatasi ikikauka hutiwa giza kidogo. Weusi ukibadilika kati ya picha ya tatu na ya nne, msomaji anadhani siku imebadilika.

Na ikiwa kipande cha majaribio kilikuwa sawa lakini chapa kamili imetoka hafifu, usibadilishe kitu. Umeme umeshuka, na balbu ya mashine ya kukuzia imefifia pamoja nao. Weka stabilaiza, au chapa usiku wa manane majirani wakiwa wamezima pasi na majiko, kisha nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini: sekunde, filta, mahali, na jina la kazi kama mwenye kihamba alivyolitaja.