Nilivyopata utando wa mwani usiovunjika wala kuyeyuka

Nilichokuwa nataka ni utando mwembamba kama nailoni lakini umetoka kwenye mmea, unakunjika bila kuvunjika na ukilowa haupotei. Nikachagua alginati, ile poda inayotolewa kwenye mwani wa kahawia (najua wanabiolojia watasema mwani sio mmea kamili, tusibishane). Wanga nao unatoa utando ila lazima uupike kwanza, na ukikaa unakakamaa, wakati alginati inayeyuka hata kwenye maji ya baridi.

Gramu 2 kwa mililita 100 za maji zinatosha kabisa, ila usiimwage poda yote kwa mkupuo maana itafanya madonge ambayo ndani ni makavu na hayatoki hata ukoroge vipi, nyunyizia kidogo kidogo huku unakoroga. Halafu glisirini, kama theluthi ya uzito wa poda. Hiyo ndo inaingia katikati ya minyororo ya polisakaraidi (molekuli ndefu za sukari zinazounda alginati) na kuilegeza, bila hiyo utando ukikauka unalia kraa ukiukunja, na ukizidisha unanata vidoleni. Baada ya hapo acha utulie usiku kucha viputo vyote vipande juu, kwa sababu kila kiputo kinachobaki ni tundu baadaye. Nikamimina kwenye sahani bapa ya plastiki, meza iwe sawa kabisa, nikakausha kwa joto la chini kama nyuzi 40 hivi, ukiharakisha kingo zinajikunja.

Hapo unabandua kitu kizuri, kinaonyesha ng'ambo, lakini kitie kwenye maji uone, kinayeyuka chote. Dawa yake ni kalsiamu kloraidi, maji ya asilimia 2, unalowesha utando dakika chache na kalsiamu inafunga minyororo pamoja. Usije ukaimwaga kalsiamu kwenye mchanganyiko wenyewe kabla haujaumimina, inaganda hapo hapo mabonge mabonge.

Sasa kilichonisumbua kuliko vyote ni kwamba ukitoka kwenye kalsiamu na kukauka unarudi kuwa mkavu na kuvunjika upya, na watu wengi hapa wanalaumu kalsiamu. Kumbe glisirini inatoka na kuingia kwenye yale maji! Nikaweka glisirini kwenye maji ya kalsiamu pia, na kwenye ile sahani ya kukaushia nikaubana utando kingo zote usisinyae, basi, tatizo likaisha.

Jaribio nililolipenda ni kukata vipande viwili, kimoja maji ya kawaida, kingine maji ya chumvi. Cha maji ya kawaida kilivimba kidogo kikabaki kizima, cha chumvi kikavimba kikawa laini kama jeli kinateleza, kwa sababu sodiamu ya kwenye chumvi inaingia na kuisukuma kalsiamu itoke. Na ndo hicho kinachotokea kwenye kidonda chenye majimaji mengi, ambayo nayo yana chumvi, bandeji ya alginati inanyonya inageuka jeli na kidonda kinabaki na unyevu, jambo ambalo mtafiti George Winter alionyesha mwaka 1962 kwa nguruwe kuwa linasaidia ngozi kujifunika haraka. Kwa kidonda kikavu bandeji hiyo haifai. Na ya kwangu sijaiweka kwenye kidonda cha mtu na sitaiweka, haijatakaswa, na hata mionzi ya gama ya kuua vijidudu inakata ile minyororo kwa hiyo sio kazi ya nyumbani.

Upande wa vifungashio ni kinyume, huko unataka maji yasipite kabisa. Utando huu ukiwa mkavu unazuia oksijeni na mafuta vizuri sana ila mvuke wa maji unapita tu. Niliyeyusha nta ya nyuki kidogo nikaikoroga kwa nguvu kwenye mchanganyiko wa moto, mvuke ukapungua, ila utando ukawa na ukungu na hauonyeshi tena kilichomo ndani. Kwa hiyo wa nta nafungia vitu vikavu, na ule usio na nta naufungia vitu vya mafuta vya kutumia mapema.