Chaki ya nyuma ya mlango

Binti yangu kabandika karatasi kwenye friji. Juu siku, pembeni kazi: kutandika kitanda, kuosha sahani yake, kusoma dakika ishirini. Jumatatu asubuhi naikuta imejaa tiki mpaka Ijumaa. Nikamuuliza, mama, hii Ijumaa umeiona wapi? Akajibu huku anapaka mkate siagi, hata macho hakuinua.

"Baba, si nitafanya tu?"

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa na mtu mzima mwenye mvi, ndani ya kontena, ziwa likiwa hatua chache kutoka mlangoni.

Ilikuwa 2020, miezi ile ziwa lilipopanda. Waliokuwepo Mwanza wanakumbuka: mvua zilizoanza mwaka wa nyuma zikagoma kukata, na kufika Mei maji yakawa juu kuliko wazee walivyowahi kuyaona. Miti ya ufukweni ilisimama ndani ya maji kama watu waliosahau kutoka kuoga. Nikisema nilikuwa kwenye ujenzi wa majini mwaka ule, watu hudhani ni Kigongo–Busisi. Hapana jamani. Kule wenzetu walikuwa wanaanza daraja la kilomita tatu, sisi tulikuwa tunahangaika na gati la nguzo 24 kwenye mwalo ambao sitautaja. Mkataba ulisema nguzo 18 zikishamwagwa zege, malipo ya awamu ya pili yanatoka. Tulikuwa tumemwaga 13.

Hesabu hiyo iliwekwa sehemu mbili. Mimi nilikuwa na jedwali langu la Excel, lenye mstari wa mpango unaopanda vizuri na mstari wa kazi halisi unaoburuta mguu chini yake. Nililipenda jedwali lile kuliko gati lenyewe, Mungu anisamehe. Fundi mkuu wetu, mzee mmoja wa Magu, alikuwa na kipande cha chaki. Nguzo ikimwagwa, anachora mstari nyuma ya mlango wa kontena. Minne ikifika, wa tano unaikata. Nyuma ya mlango kulikuwa na mafungu mawili na mistari mitatu pembeni.

Ijumaa hiyo bosi alikuja akavuta ndoo, akakaa.

"Injinia, nguzo ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Zilizofungwa nondo?"

"Kumi na nane."

"Basi andika kumi na nane."

Nikamwambia nondo si zege. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto wa dada yake. "Hizo tano si tutamwaga tu? Wiki ijayo hiyo. Hapo utakuwa umedanganya, au umewahi?"

Msimchukulie kama jambazi. Nje walikuwepo vibarua kama arobaini, wiki ya tatu hawajashika hela. Mama lishe alikuwa ameshafunga daftari la mkopo. Bosi mwenyewe alikuwa ameuza gari ili saruji isikatike. Na mimi, niliyekula kiapo cha wahandisi mkono juu, tai ya kuazima shingoni, nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Nikaandika 18. Kisanduku kikageuka kijani chenyewe. Nilikuwa nimekitegesha mwenyewe kijigeuze.

Ripoti ilihitaji sahihi ya fundi mkuu. Mzee akaingia na mabuti yake ya mpira, akavua kofia, akaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma mtu aliyejifunzia ukubwani. Kidole kikafika kwenye 18, kikasimama. Hakusema kitu. Akaenda kwenye mlango, akaufunga ili upande wa ndani uonekane, kontena likawa giza isipokuwa mwanga wa laptopu. Akahesabu kwa sauti ya chini, akigusa kila mstari. Alipofika kumi na tatu, alihesabu tena kuanzia mwanzo, nadhani kwa ajili ya kunisitiri. Huenda yeye ndiye kakosea.

Kisha akatoa chaki mfukoni, ile iliyobaki ndogo kama jino, akanipa.

"Haya mwanangu. Ongeza."

Nikaishika. Ilikuwa na jasho lake. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa bati, nikasikia maji yakipiga chini ya sakafu, na mkono ukakataa. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeandika bila hata kumeza mate. Pale mlangoni, kuchora mistari mitano tu, mkono ulikataa kabisa. Bosi akakohoa. Nikamrudishia mzee chaki yake. Naye akachukua kalamu, akasaini ripoti, akavaa kofia, akatoka. Kwamba alisaini, ndilo ambalo hadi leo sijalielewa.

Yaliyobaki ni mafupi. Hela ikatoka, vibarua wakalipwa, mama lishe akafungua daftari. Ile wiki moja ikawa tisa, maana ziwa halikusoma ripoti yetu. Tulipozimwaga zile tano kwa kweli, hapakuwa na mahali pa kuziandika, kwa sababu zilikuwa zimeshaandikwa. Kwenye jedwali tulionekana tumekaa bure miezi miwili, wakati hatulali. Tulimwaga usiku kwa taa, wadudu wa ziwa wakishuka kama moshi na kuangukia kwenye zege bichi. Kyubu za nguzo ya kumi na sita, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, zilipovunjwa siku ya saba zilikuwa chini ya tulichotarajia. Siku ya 28 zikapita, kwa nywele.

Gati limesimama. Boti za dagaa zinafunga pale kila alfajiri. Jumamosi nilimpeleka binti yangu tukanunue sato, na kontena bado lipo, sasa ni duka la soda na vocha. Nikaingia, nikaagiza soda mbili, nikamwomba mwenye duka asukume mlango kidogo. Wameupaka rangi ya bluu, ndani na nje.

"Baba, unatafuta nini huko nyuma?"

Nikamwambia anywe soda yake. Jioni nilikuta kafuta tiki zote kwenye friji isipokuwa ya Ijumaa, ambayo kwa kweli alitandika kitanda, nilimwona.