Uji ya bebe bila maziwa, bila kapenta (dagaa): pale nimefika

SEPTEMBA, vumbi na jua kali

Bebe amefikisha miezi sita. Mpaka sasa alikuwa ananyonya tu, hata maji sikumupa, na hiyo sehemu ilikuwa rahisi kwangu juu hapa Lubumbashi kila mama anajua kubeba mutoto mu kitenge, kulala naye mu moskitero na kumutolea ziwa kila saa anayotaka. Sasa njo kazi yenyewe inaanza. OMS (Shirika la Afya Duniani) inasema miezi sita ya kunyonya tupu, kisha chakula inaingia na kunyonya inaendelea mpaka miaka 2 ao zaidi, na mimi hiyo nataka kuifwata yote.

Kwa bale bananisoma mara ya kwanza: nyama, samaki, maziwa, mayai, asali, byote niliacha mbele ya kuolewa. Bajirani banadhania niko Adventisti, bengine banasema niko mu jeune (kufunga) ya muda murefu. Hapana, ni juu ya banyama benyewe, sipendi kiumbe kichinjwe ju ya sahani yangu wakati kuko maharagi, karanga, soya na majani ya kila namna. Bwana wangu yeye anakulaka nyama ya michopo akiwa nje, mu nyumba tunapika bya mimea, tulipatana vile na hakuna kelele.

Lakini mimi nilichagua, mutoto hakuchagua. Njo maana naandika kila kitu ninachomupa mu kayé (daftari) moja, na njo maana nilianza huu mradi wa kutengeneza unga yake ya uji mimi mwenyewe, toka ku punje mpaka ku kijiko.

Kitu ya kwanza kabisa, mbele ya uji, ni vitamini B12. Naomba bamama benye kuishi sawa mimi basome hapa polepole. B12 haiko mu lengalenga (mchicha), haiko mu soya, haiko mu kitu yoyote ya shamba, inatengenezwa na bakteria na sisi bantu tunaipataka mu nyama, samaki, maziwa na mayai. Mama akiikosa, maziwa yake pia inaikosa, na mutoto anaweza kulegea, kuacha kukaa, kuacha kucheka, na ubongo wake unaweza kuumia kwa namna ambayo dawa haitarudisha yote nyuma. Mimi nameza kidonge kila siku tangu mbele ya mimba. Shirika la Vegan Society la Uingereza linashauri angalau mikrogramu 10 kila siku ao 2000 kwa wiki moja, mimi niko juu ya hapo. Vidonge vyangu binatoka Zambia, binapita ku mpaka wa Kasumbalesa na muntu wa familia mwenye kuendesha kamyo. Na sasa bebe ameanza kula, ana matone yake mwenyewe, dokta aliandika kipimo, na siro ya fer (madini ya chuma) pia.

Dokta hakunificha. Aliniambia mwongozo ya OMS ya 2023, ile ya chakula ya batoto ba miezi 6 mpaka 23, inasema mutoto apate kila siku kitu yenye kutoka ku nyama, samaki ao yai, na mama mwenye hataki lazima ajaze ile pengo kwa dawa na kwa chakula yenye kuongezewa vitamini, tena alete mutoto ku kilo (kupimwa uzito) bila kukosa. Nilipenda vile aliongea. Hakunitisha, hakunichekea, alinipa kazi.

Ku kilo walimupa pia vitamini A. Kwa bale banajiuliza: ile kapsuli ya bluu ni yuniti 100 000, ni ya batoto ba miezi 6 mpaka 11, ile nyekundu ya 200 000 ni kuanzia mwaka moja. Infirmie (muuguzi) anakata ncha na makasi, anakamulia mafuta mu kinywa, ganda lenyewe la jelatini, yenye kutoka ku banyama, anatupa. Na hata kama angepashwa kulimeza ningekubali, juu macho na afya ya mutoto iko mbele.

OKTOBA, unga

Hapa njo nimetumia nguvu mingi. Bantu bengi banajua masoso, mahindi na soya na sorgo (mtama), inauzwa na inatolewa ku bituo bya afya toka zamani. Mimi nimeibadilisha kiloko (kidogo). Meka (chombo cha kupimia) mbili ya mahindi, meka moja ya soya, na karanga pembeni.

Soya haitaki haraka. Mbichi iko na kitu yenye kuzuia tumbo kutumia protini yake, joto njo inaua ile kitu. Kwa hiyo naichagua, naiosha, naitupa mu maji yenye kutokota na kuiacha itokote karibu nusu saa, kisha naisugua mu mikono mpaka maganda inapanda juu ya maji, namwaga maganda, naanika soya juu ya bash (turubai) mu jua mpaka inalia kwa kukauka. Kisha nakaanga ku makala, moto kiloko, nakoroga bila kuacha, na kuko wakati mmoja harufu inageuka, inaacha kunuka majani mabichi inaanza kunukia sawa karanga, pale pale natoa. Ukichelewa inakuwa chungu.

Karanga nazo nazichagua moja moja ku mwangaza wa mlango. Yenye kukunjamana, yenye rangi ya kijani ao nyeusi, yenye uchungu ku ulimi, yote inatoka, na siipe kuku wa jirani, naitupa. Ile ukungu inaleta sumu inaitwa aflatoksini, inaharibu maini, na kupika haiitoi. Karanga nzuri nakaanga na kutwanga mu kinu kwa kiasi ya siku chache tu, naiweka mu uji wakati napika, juu unga yenye kuchanganywa na karanga toka mwanzo inaharibika mbio. Karanga nzima bebe hataiona mpaka akue sana, inaweza kumukaba.

Ku mulini (mashine ya kusaga) naendaka asubuhi ya mapema mbele ya foleni, namuomba papa wa mulini apitishe kwanza kiasi kiloko cha mahindi yangu ili isafishe mashine, ile ya kwanza namuachia. Siku hizi akiniona anajua.

Sasa shida ya uji wa mimea. Tumbo ya bebe ni kiloko. Ukitaka imupe nguvu unaweka unga mingi, uji inakuwa nzito, anashindwa kumeza. Ukiongeza maji ili imeze vizuri, anashiba maji. Hii ilinisumbua moyo kweli, mpaka nkambo wangu aliniuliza kwa telefone: munkoyo mulikuwa munatengeneza namna gani? Nikakumbuka utoto wangu na ile kinywaji ya munkoyo. Unapika uji nzito ya mahindi, unaiacha ipoe, unaweka mizizi ya munkoyo yenye kupondwa, na ile uji nzito inavunjika inakuwa maji, tena inapata utamu bila sukari. Mizizi ile iko na kitu inaitwa amilase, inakata wanga vipande vipande. Punje yenye kuota iko na amilase pia!

Munkoyo yenyewe simupe bebe, inachachuka na inaweza kupata pombe. Lakini kimea ya mahindi, ndiyo. Naloweka mahindi usiku moja, naifunga mu kitambaa safi yenye maji, naisukutua asubuhi na mangaribi mpaka mimea inatoka ya urefu wa punje, naanika vizuri, nasugua mimea na mizizi itoke, nasaga bila kukaanga juu moto inaua ile amilase. (Bale banatumia sorgo: mimea ya sorgo iko na sumu ya sianidi, itoeni yote kabisa. Mimi naona mahindi ni salama zaidi.)

Wakati wa kupika: uji inakuwa nzito, nzito sana kijiko kinasimama. Natoa ku moto, naacha ipoe kiloko mpaka mvuke inapungua, naweka kijiko kiloko cha kimea, nakoroga. Unaiona na macho yako. Pembeni ya sufuria uji inaanza kung'aa, kisha kijiko kinaanguka chenyewe, na mu dakika chache yote inamwagika vizuri bila kuongeza hata tone ya maji. Kisha narudisha ku makala itokote tena kiloko ili kuua microbe. Mara ya kwanza niliita bwana wangu aje aone. Bebe alikula bakuli yote, na nilifurahi mpaka machozi.

Chumvi hapana, sukari hapana. Juu nakamulia chungwa ao limau kiloko, juu vitamini C inasaidia mwili kuvuta fer ya majani na ya maharagi. Chai kwa mutoto hapana kabisa, inazuia ile fer.

NOVEMBA, Mama Bukwe

Mama Bukwe, mama ya bwana wangu, alikuja kutoka Likasi kumuona mujukuu. Alileta mahindi mabichi, alileta na kapenta yenye kukauka, vizuri sana, mu sashe. Nilimupokea na magoti chini, nikashukuru yote.

Ku jioni akaniuliza, polepole, bila kunigombeza: "Mwana wangu, sisi tulikulishia bwana wako sombe ya majani ya muhogo na kapenta yenye kusagwa. Huyu unamunyima ju ya nini?"

Nikamuambia: "Mama, simunyimi. Kile kilikuwa mu kapenta namupa kwa njia ingine." Nikaleta kayé, nikaleta chupa ya matone, nikamuonyesha karte ya kilo na ule mstari unapanda. Alitazama muda mrefu. Akaomba kuonja uji.

Yale mazungumzo yamenisaidia kufikiri. Kuko bantu banasema "bankambo yetu balikula majani na bakakuwa na nguvu, basi na sisi tuache madawa". Haiko kweli vile. Mu sombe ya nkambo kulikuwa kapenta kiloko, mu lengalenga kulikuwa finkubala (viwavi vya kula), hata unga yake tu, hata siku ya umaskini. Ile kiloko njo ilileta B12, zinki na fer. Mimi nimeitoa ile kiloko mu sufuria, kwa hiyo ni mimi napashwa kuijaza, na nikikataa vidonge kwa jina la asili, mutoto wangu njo atalipa. Kwa mimi, kulea kwa asili ni ziwa langu, mugongo wangu, chakula yenye kutoka mu bulongo (udongo). Haiko kukimbia dokta.

Sombe ya bebe: naitwanga, naitokotesha bila kufunika, namwaga maji ya kwanza, kisha napika tena muda mrefu mpaka inalainika kabisa, juu majani ya muhogo iko na sianidi. Mwisho naweka karanga yenye kusagwa na kijiko cha mawese nyekundu. Mama Bukwe mwenyewe aliipika mara ya mwisho mbele ya kurudi, na kapenta yake alipikia mwana wake ku brazero (jiko ya makala), inje.

DESEMBA, mvua

Uji inaendelea, maembe yameingia na bebe anakamata kipande kwa mikono yote miwili. Chanjo ya surua ya miezi tisa imepita, homa kiloko usiku moja, basi.

Kazi kubwa ya mwezi huu ni kushi (nepi) ya bitambaa. Mu kiangazi binakauka haraka, sasa na mvua binakaa na unyevu, na hapa kuko ule nzi wenye kutaga mayai mu nguo yenye kuanikwa inje, funza yake inaingia mu ngozi ya mutoto na kufanya sawa jipu. Kila kushi, pande zote mbili, mipaka yote, kamba yote, inapita ku pasi. Kuran (umeme) inakatika usiku, kwa hiyo natumia pasi ya makala, na ile makala yenye kubakia nawekea maharagi yenye kulowekwa toka asubuhi, yakitokota vizuri nafunga sufuria mu blanketi nzito, na ku asubuhi yameiva. Makala ni ghali, miti ya miombo inaisha karibu na mji, mimi sipendi kuchoma hata kipande moja bure.

Pampers natumia mu safari tu. Mu nyumba namushika juu ya miguu yangu kila akiamka na kisha kunyonya, anakojoa, vile bamama betu balitufanya sisi.

JANUARI

Lengalenga sasa iko mu mifuko mu lupango (uwanja wa nyumba), bulongo nimeileta kutoka mbali juu bantu ba UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) balisha kupima bulongo ya mji na kukuta kwivre (shaba), plomb (risasi) na kobalti karibu na tanuru ya zamani. Majani ya soko naosha mara nyingi, nauliza muuzaji inatoka wapi, na kama hajui sinunui ya bebe.

Dokta aliomba damu. Hemoglobini yake imetoka 11,4 g/dl, na mkono wake ku ile kamba ya rangi ya kupima unene wa mkono uko mu kijani, mbali na sentimita 12,5 yenye kuanza manjano. Siro ya fer inaendelea, matone ya B12 inaendelea. Anasimama kwa kushika kiti.

Jirani wa upande wa Katuba mwenye mutoto wa miezi saba ameniomba kimea. Yeye anakula nyama, mutoto wake pia, lakini uji ilikuwa inamushinda kumeza. Nimemupa kopo moja, nimemuonyesha ile ya kutokotesha tena kisha kuweka. Sasa naloweka mahindi ya nyumba mbili, na napashwa kutafuta kitambaa ingine kubwa.