Kujifunza kushuka: mazoezi ya Mweka kuelekea Cape Town

Mei. Masika yanaishilizia, na vijia vya katikati ya migomba bado vinateleza. Nalenga Ultra-Trail Cape Town ya Novemba, mbio za milimani kule Afrika Kusini, kilomita 100. Mlima wa Meza wa huko haufiki hata mita 1,100, wakati lango la Mweka la Mlima Kilimanjaro, ninapogeuzia, liko juu ya mita 1,600. Ila kule unaanzia karibu na usawa wa bahari, unapanda, unashuka, unapanda tena, mpaka jumla ya mipando inapita mita 4,000. Na chote ulichopanda utakishuka. Pumzi ninayo. Mapaja ndiyo ya kuandaa.

Juni. Sasa ratiba yote inazunguka kwenye mteremko. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inabeba uzito wa mwili huku inavutwa, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake na kukolea keshokutwa. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka: ukishaumia kwa kiasi, mteremko wa pili hauuumizi kama wa kwanza, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo nashuka kwa kasi mara moja tu kwa wiki. Siku nyingine napanda kwa kutembea, mikono magotini, kupita Chuo cha Wanyamapori, na kurudi taratibu.

Walimu wangu ni "wagumu", yaani wapagazi wetu wa Kilimanjaro, ambao njia ya Mweka ndiyo yao ya kushukia. Mtazame mmoja akiwa na mzigo wa kilo 20: hatua fupi, za haraka, goti limekunjwa kidogo, unyayo unatua chini ya kiuno na si mbele yake. Mabega hayapandi wala hayashuki. Mmoja aliniona ninavyojizuia kwa visigino akaniambia, "Usifunge breki, kaka. Ukifunga breki, goti ndilo linalipa." Tangu hapo nahesabu hatua, siangalii kasi.

Ndiyo maana namheshimu sana mkimbiaji Simon Mtuy, mtu wa hapa hapa. Mwaka 2006 alitoka lango la Umbwe hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, akarudi chini kwa saa zisizofika 10, akijibebea chakula na maji. Watu husifia kupanda kwake. Mimi nashangaa alivyoshuka zaidi ya mita 4,000 kwa mkupuo mmoja baada ya hewa nyembamba ya kileleni.

Agosti. Tumbo nalo linafanyishwa mazoezi. Lengo ni gramu 60 za wanga kila saa, sawa na ndizi mbivu mbili na tende chache. Tende kuzitafuna kwenye mteremko ni kazi. Uji mwepesi wa ulezi, sukari na chumvi kidogo, ukiwa kwenye chupa laini, unapita vizuri hata saa ya nne ya kukimbia.

Septemba. Kilichobaki ni giza, na upepo mkali wa kusini-mashariki wa kule, ambao hapa sina pa kuuzoea zaidi ya kulizoea koti. Kwa kasi yangu kilomita 100 haziishi bila kukimbia usiku. Wiki ijayo naanza kushuka Mweka kabla ya alfajiri na taa ya kichwani. Yule mgumu amekubali kutangulia.