Pipa la Mkanda: wiki ya tisa

Maji ya bamvu ya mwezi huu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, yamenipa jibu nililolitafuta tangu nianze kuunda mtambo wa kuzalisha umeme kwa mkondo wa bahari.

Rafadha ya mapanga matatu nimeiweka kando. Hapa Lamu maji yakigeuka kupwa ilibidi nayo niigeuze kwa mkono, na mwani ulijisokota kwenye ekseli kila siku. Sasa nimepasua pipa la plastiki la lita 200, nusu zake nikazipishanisha kama herufi S kwenye mhimili wa wima. Umbo hili lilibuniwa na Sigurd Savonius wa Finland miaka ya 1920. Maji yajae, yapwe, pipa huzunguka upande uleule.

Kosa langu kubwa lilikuwa mahali. Nilifunga chelezo, jukwaa linaloelea lenye mtambo, gatini kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Mzee mmoja mvuvi akaniuliza, "Mwanangu, mbona wafunga hapa? Maji yenyewe yapita Mkanda." Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Nikachukua nazi na kamba ya mita 20, nikapima nazi inavyochukuliwa na maji umbali huo. Gatini nazi ilichukua sekunde 50, Mkanda sekunde 25. Nilidhani mbio mara mbili ni umeme mara mbili. Kumbe ni mbili kwa mbili kwa mbili: mara nane! Gatini kila mita mraba ya maji hubeba wati 33 hivi, Mkanda wati 260. Miezi miwili nilihangaika na umbo la mapanga, ilhali nilipaswa kuhamisha kamba tu.

Pipa hukinga kama mita mraba 0.9. Nikikadiria linanasa asilimia 15, ni wati 35. Mita ilisoma 21 zikiingia kwenye betri. Nyingine nashuku zinaliwa na mnyororo wa baiskeli, ambao siwezi kuuacha maana pipa halizidi mizunguko 14 kwa dakika, na jenereta yataka mbio zaidi.

Beringi za chuma zililiwa na kutu ndani ya wiki mbili. Fundi wa majahazi akanichongea bushi ya mbambakofi, na maji ya bahari ndiyo grisi yake. Hakuna kilichonifurahisha kama hicho katika mradi mzima.

Wiki ijayo ni maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu. Mbio zikishuka nusu natarajia wati mbili au tatu tu, nami nitalala chelezoni nisome mita kila nusu saa. Taa ya usiku, ili mashua za Pate zisitugonge, tayari inawaka kwa umeme wa pipa.